Mpini wa Panga katika Ubwari

Historia ya zana za chuma katika mwambao wa Ziwa Tanganyika imeandikwa zaidi kwa kufuata makali. Tanuri ndefu za Wafipa, ziitwazo malungu, zimechunguzwa na kupimwa. Visu vya watawala vimehifadhiwa katika makumbusho ya Ulaya. Mpini haukupata bahati hiyo. Mti huliwa na mchwa, na mpini uliovunjika huishia mekoni pamoja na kuni. Hata hivyo, hiyo ndiyo sehemu ya chombo ambayo mtumiaji huiumba mwenyewe.

Ubwari ni rasi inayoikabili Baraka ng'ambo ya ghuba, katika Fizi. Burton na Speke, walipopita huko mwaka 1858 wakitokea Ujiji, waliidhania kuwa kisiwa. Ni katika karne hiyohiyo ambapo misafara ya Waungwana ilieneza Kiswahili katika pwani ya magharibi ya ziwa, na neno panga nalo likapata makao mapya.

Katika Kiswahili sanifu, upanga ni silaha ya vita; kiambishi u- kikidondoshwa, hupatikana panga (wingi mapanga), yaani ukubwa wa nomino hiyo, nalo ni jina la chombo cha shambani. Msemaji wa Kivu husema mupanga, wingi mipanga. Neno limehamishiwa katika ngeli ya muti na mupini. Mzizi -pini, kwa upande wake, umeenea katika lugha nyingi za Kibantu, wala haukuhitaji kuvuka ziwa ili ufike Fizi.

Panga la mhunzi lilikuwa na mkia mwembamba wa chuma. Mkia huo ulitiwa motoni hadi ukawa mwekundu, kisha ukashindiliwa katika mti mkavu, ukijichomea tundu lake wenyewe. Mpini ukipasuka, mwenye panga aliweza kuubadili siku hiyohiyo. Panga la kiwandani lilileta mtindo mwingine: bamba la chuma huendelea hadi mwisho wa mpini, na vipande viwili vya mti, siku hizi mara nyingi vya plastiki, hubanwa ubavuni kwa misumari iliyopondwa vichwa pande zote mbili. Mpini wa namna hiyo umekatwa kwa kipimo kimoja, kana kwamba wanadamu wote wana kiganja kimoja.

Tatizo hilo si dogo kwa mkata mikungu ya chikichi. Kingo kali za mpini humtoa malengelenge kabla ya adhuhuri, na mafuta pamoja na jasho huufanya uteleze. Panga likimponyoka, mguu ndio hulipa. Kwa hiyo panga jipya hurekebishwa. Kingo hupunguzwa kwa tupa au kwa kigae cha chupa, kisha mti hulainishwa kwa jani la msasa, mti ambao jina lake Waswahili walilipa pia karatasi ya seremala. Fundi mzuri hauachi mpini uwe mviringo kamili, kwa maana mpini wa mviringo huzunguka mkononi. Huupa umbo la yai, ili kiganja kijue bila msaada wa macho makali yanaelekea wapi. Katikati huachwa unene kidogo, na mwishoni kifundo kinachozuia kidole kidogo kisiteleze. Asiye na mti wa kufaa huzungushia utepe uliokatwa katika mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli.

Vita vya mwaka 1996 viliwavusha watu wengi wa Fizi hadi Kigoma, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa mwaka huohuo. Panga likapata sifa mbaya katika habari za nchi za Maziwa Makuu, likatajwa karibu daima kama silaha. Sifa hiyo haikuzuka bure. Lakini mwandishi wa habari hutazama bapa na makali. Pale kidole gumba kilipolala miaka mingi juu ya mpini, mti umebonyea na kung'aa, na alama hiyo huachwa na palizi na ukataji wa mikungu.