Mizimu ya Mwese ilitoza ada kabla ya tiketi

Mwaka 1874 mwanamaji Mwingereza Verney Lovett Cameron alikuwa akielekea kusini kwa mashua kutoka Ujiji, akilipima Ziwa Tanganyika. Walipofika Rasi ya Kabogo, mwongozaji wake mmoja alisimama, akatoa shanga, akamsihi mwenye rasi awaache wapite salama. Mwenyewe, kwa maelezo aliyopewa Cameron, alikuwa pepo aliyekaa hapo na mkewe. Miaka mitatu nyuma, Henry Morton Stanley alipokuwa anakaribia Ujiji kumtafuta Livingstone, alisikia ngurumo kwa mbali. Akaambiwa kwamba ni Kabogo, mlima wa ng'ambo ya ziwa, na kwamba wapitao huko kwa mitumbwi hutupa nguo na shanga majini.

Tukitafuta ada za kwanza za ziara ya mizimu katika nchi ya Watongwe, wenyeji wa upande wa mashariki wa ziwa hilo na milima yake, basi ni hizo za Rasi ya Kabogo. Zililipwa na abiria walioogopa kweli.

Leo ada hulipwa na watu wanaotaka kuogopeshwa. Mjini York, Uingereza, matembezi ya usiku ya kusimulia mizimu yalianza mwaka 1973, na sasa miji mingi ya Ulaya na Marekani inayo. Msimu wake mkubwa ni Oktoba, majani yanapopukutika na giza linapowahi. Kwingine familia hupelekwa msituni na tochi kutafuta bundi, watoto wakitangulia mbele kwa ujasiri unaokwisha mara kijiti kinapovunjika.

Mwese, kata ya milimani katika Wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi, haina vuli ya namna hiyo. Septemba na Oktoba ni mwisho wa kiangazi, nyasi zimekauka au zimeungua, na miti ya miombo inachipua kabla hata mvua haijanyesha. Majani machanga hutoka na rangi ya shaba na wekundu. Ulaya msitu huwa mwekundu majani yakifa. Huku huwa mwekundu yakizaliwa. Kwa matembezi ya usiku ni miezi mizuri kuliko yote: njia inaonekana, na mtu haloi.

Na sauti hazikosekani. Komba hulia kama mtoto mchanga aliyeachwa, na asiyemjua mnyama huyo hawezi kulaumiwa akiamini kwamba kuna mtoto kweli. Katika misitu ya milima ya Ntakata, wilayani humo, wako sokwe, ambao kila jioni hujitengenezea viota juu ya miti, na mara nyingine hupiga kelele usiku wa manane kutoka humo humo kitandani. Huhitaji mzimu kupata baridi ya mgongo.

Ila mizimu ipo, au tuseme ilikuwa na anwani. Watongwe walihesabu milima, mito na miti mikubwa kuwa makao ya walinzi wanaoitwa mugabo, na mahali hapo hapakuwa pa kukata mti ovyo. Mtafiti Mjapani Makoto Kakeya, aliyeishi nao miaka ya 1970, alifundishwa uganga hadi akawa mganga. Upande wa kusini, katika Hifadhi ya Taifa ya Katavi, anatajwa Katabi, mwindaji wa zamani ambaye roho yake inasemekana kukaa kwenye mkwaju karibu na Ziwa Katavi. Watu walimpelekea sadaka wakitaka baraka. Jina la hifadhi, na sasa la mkoa mzima, limetokana na jina lake. Sijui mzimu mwingine Tanzania uliopandishwa cheo kiasi hicho.

Kilichovunja desturi hizo ni kuhamishwa kwa watu. Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya Waingereza ilikusanya wakazi wa maeneo mengi ya magharibi katika makazi ya pamoja ili kuwaepusha na mbung'o na malale. Vijiji vidogo vya msituni vikabaki mahame. Mwaka 1974 Katavi ikawa hifadhi ya taifa, na mwaka 1998 ikapanuliwa hadi kilomita za mraba 4,471. Miaka hiyo hiyo ya 1970 vijiji vya ujamaa vikawavuta waliobaki hadi kando ya barabara. Mtu aliyekwenda kwa mzimu wa babu yake kwa miguu sasa alikuwa na safari ya siku kadhaa, au alihitaji kibali.

Mwese yenyewe ikapata wakazi wapya. Katikati ya miaka ya 1960 wakimbizi Watutsi wa Rwanda, waliokuwa wamekimbilia Kongo, waliletwa kuanzisha makazi katika milima hii, na wengi wa wakimbizi wa Rwanda nchini walipewa uraia wa Tanzania mwaka 1980. Baadaye wakaja wakulima na wafugaji wa mikoa mingine. Mtoto wa Mwese leo anaweza kusimuliwa usiku hadithi za Rwanda, za Usukumani au za Buha, na asijue mlima anaouona mlangoni ulikuwa wa nani. Hilo kwangu ni pengo kubwa kuliko kukosa umeme wa kumulikia njia.

Msitu, hata hivyo, umepata sababu mpya ya kuachwa. Vijiji vinane vya wilaya hii, Mwese kikiwamo, vimeungana katika mradi wa kaboni wa milima ya Ntakata: vinalinda misitu ya vijiji, na mapato yake yamejenga zahanati na madarasa. Kwa hiyo wapo walinzi wa vijiji wanaozijua njia, na ipo pesa inayotoka kwenye mti uliosimama. Mugabo alilinda mti kwa hofu. Kaboni inaulinda kwa risiti.

Kama kuna atakayeandaa matembezi ya usiku kwa familia za hapa, asianze na kinyago wala shuka jeupe la Oktoba ya Wazungu. Aanze na mzee Mtongwe atakayetaja jina la mlima na mwenye mlima, halafu komba wafanye kazi iliyobaki. Na mzee huyo alipwe sawasawa na mlinzi anayebeba bunduki.