Utafiti wa Maoni na Kazi ya Chama: Fikra Kutoka Njia ya Misafara

Kila uchaguzi unapokaribia, swali moja hurudi katika vikao vyetu. Taasisi fulani imewauliza wananchi, imetoa asilimia, na asilimia hizo hazikipendezi Chama au hazimpendezi mgombea. Papo hapo wanatokea ndugu wanaotaka kuitishwa mkutano wa hadhara ili kukanusha. Wengine wanataka tunyamaze kimya. Wapo pia wasemao kwamba waliofanya kazi hiyo ni vibaraka na washughulikiwe. Tunakusudia kulichambua swali hili kihistoria, kwa sababu ndugu hao hulizungumza kana kwamba limezaliwa jana.

Kabla ya hapo tuweke neno sawa. Mwanachama wa CCM akisikia "kura za maoni" hufikiria mchujo wa wagombea ndani ya Chama. Hapa hatuzungumzii mchujo huo. Tunazungumzia utafiti wa maoni, yaani watu wachache waliochaguliwa kwa utaratibu maalumu kuulizwa maswali, na majibu yao kutumiwa kukadiria fikra za umma mzima.

Leo Kigwa ni kata katika Wilaya ya Uyui, mkoani Tabora. Katika karne ya 19 ilikuwa kituo kwenye njia kuu ya misafara. Msafara uliotoka Bagamoyo ulivuka Ugogo, ukapita pori la Mgunda Mkali, ukafika Tura, Rubuga, Kigwa, kisha Kazeh, ndiyo Tabora. Kwa watu wa njia ile habari ilikuwa na thamani kama pembe na shanga. Mtemi gani ameongeza hongo? Maji yapo wapi? Nani anapigana na nani? Mkuu wa msafara aliwauliza wanaorudi kutoka bara, akalinganisha maneno ya mmoja na ya mwingine, ndipo akaamua njia. Hakupata asilimia, lakini alikuwa anafanya utafiti, na maisha ya wapagazi mamia yalitegemea uaminifu wake katika kuusoma.

Mwaka 1871 wafanyabiashara wa Kiarabu wa Tabora walikutana kupanga vita dhidi ya Mtemi Mirambo. Zilikuwapo dalili za kutosha kwamba Mirambo si mtemi mdogo tena. Alikuwa na bunduki, alikuwa na rugaruga waliozoea vita, na alikuwa na uwezo wa kufunga njia ya Ujiji. Lakini katika baraza lile aliyeonekana shujaa ni yule aliyemdharau adui kwa sauti kubwa zaidi. Henry Morton Stanley, aliyekuwa amefika mwezi Juni akimtafuta Livingstone, alijiunga nao. Mwezi Agosti waliuteka Wilyankuru, wakabeba nyara, na wakiwa njiani kurudi Mirambo akawavizia na kuwavunja. Tarehe 22 Agosti alikuja Tabora kwenyewe, na Khamis bin Abdullah, mmoja wa wakubwa wao, akauawa. Stanley ilimbidi aende Ujiji kwa kuzunguka upande wa kusini. Hatuwalilii wafanyabiashara wale, maana biashara yao ya watumwa inajulikana. Tunachoona ni kwamba kikao kilikanusha habari mbaya kwa makofi, na makofi yale hayakupunguza hata bunduki moja ya Mirambo.

Wakoloni nao walikuwa na ugonjwa huo huo. Mwaka 1954 ujumbe wa Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa ulizunguka Tanganyika ukisikiliza watu, na ripoti yake ikasema kwamba nchi inaweza kujitawala katika miaka 20 hadi 25. Serikali ya Uingereza iliipinga ripoti hiyo waziwazi. Kwa maoni ya watawala, kuweka muda ni hatari na wananchi hawana haraka. Mwezi Machi 1955 Mwalimu Nyerere alikwenda New York kuisemea TANU mbele ya Baraza. Gavana Twining badala ya kujiuliza kwa nini wakulima wanajiunga na TANU, akakiunga mkono chama cha UTP kilichoanzishwa 1956, akiamini kwamba huko ndiko kwenye maoni halisi ya nchi. Uhuru ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961. Kwa hiyo hata ujumbe wenyewe ulikosea, tena kwa miaka mingi, lakini kosa lake lilikuwa upande wa kuwapunja wananchi. Waliobishana nao walikuwa mbali zaidi na ukweli.

Sasa turudi Tabora, Januari 1958, kwenye Mkutano Mkuu wa TANU. Serikali ilikuwa imeleta uchaguzi wa kura tatu, kila mpiga kura akilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, na haki yenyewe ya kupiga kura ikafungwa kwa masharti ya elimu, kipato au cheo. Wajumbe wengi walifika Tabora wakiwa na hasira, wakitaka TANU isusie. Mwalimu aliona kwamba kususia ni kuwaachia UTP viti vyote. Maana yake ni kwamba kiongozi alikuwa na maoni yanayopingana na hali halisi ya ukumbi. Je, alidai kwamba wanaosusia ni wachache? Hakudai hivyo. Aliikubali hesabu jinsi ilivyo, akawaacha watu waseme siku kadhaa, kisha akabishana na sababu zao moja moja hadi mkutano ukageuka. Ndio uliokuja kuitwa Uamuzi wa Busara. Zuberi Mtemvu hakushawishika, akatoka na kuanzisha chama cha ANC. Katika uchaguzi wa Rais wa 1962 alipata kura 21,276 tu, dhidi ya kura za Mwalimu zilizozidi milioni moja.

Makada wengi huukumbuka mkutano wa Tabora kwa matokeo yake, yaani viti vya 1958 na 1959. Sisi tunaona utaratibu wake una thamani zaidi kwa swali letu. Kuna tofauti kati ya kubishana na maoni na kubishana na kipimo cha maoni. La kwanza ndiyo siasa yenyewe, ndiyo kazi ya Chama cha umma. La pili ni kazi ya kitaalamu inayohitaji ushahidi, na anayelifanya bila ushahidi huwa anakwepa lile la kwanza.

Ushahidi mwingine tunaupata mwaka 1991, Tume ya Rais chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilipokusanya maoni juu ya mfumo wa chama kimoja au vyama vingi. Kama asilimia 77 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee, na kama asilimia 21 walitaka vyama vingi. Kipimo kile hakikuwa sampuli ya kitaalamu, kwa kuwa watu walikuja mikutanoni kwa hiari yao. Hata hivyo CCM ingeweza kuikumbatia ile 77 na kufunga mjadala. Tume ilipendekeza vyama vingi, Chama kikakubali, na sheria ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 1992. Viongozi waliitazama ile asilimia 21 na kuona watu, tena wakaona kwamba wengi wa walio katika 77 walitaka marekebisho makubwa. Chama kilichoweza kusoma takwimu iliyokipendeza kwa jicho kali namna ile, kwa nini kishindwe kuisoma isiyokipendeza?

Septemba 2015 Twaweza, kupitia mpango wake wa Sauti za Wananchi, ilitangaza kwamba John Magufuli angepata asilimia 65 na Edward Lowassa 25. Ipsos nayo ikatoa 62 kwa 31. UKAWA wakasema ni uongo wa kupikwa. Sisi upande wetu tulishangilia kana kwamba masanduku yamekwisha hesabiwa. Matokeo ya Oktoba yalikuwa asilimia 58.46 kwa 39.97. Mshindi alitajwa sawasawa, lakini pengo la pointi 40 liligeuka kuwa pointi 18. Maswali ya Twaweza yaliulizwa kwa simu, Tanzania Bara peke yake, kati ya Agosti na mwanzo wa Septemba, wakati kampeni ndiyo kwanza zinaanza. Watu waliohojiwa walipungua kidogo 2,000, idadi ambayo kwa kanuni za takwimu huacha kosa la pointi mbili au tatu hivi kila upande. UKAWA walikuwa na hoja nzuri mkononi kuhusu tarehe, wakaitupa na kuokota matusi. Na upande wetu hakuna kada aliyesimama kuuliza kama 65 ni nyingi mno.

Hapo ndipo tunapaona penye uzito. Julai 2018 taasisi ile ile iliripoti kwamba wanaoridhika na utendaji wa Rais wamepungua kutoka asilimia 96 mwaka 2016, hadi 71 mwaka 2017, hadi 55. Safari hii COSTECH iliiandikia barua ikidai maelezo kuhusu kibali cha utafiti, pasipoti ya mkurugenzi wake ikazuiwa, na Septemba mwaka huo Sheria ya Takwimu ikarekebishwa ili kubana uchapishaji wa takwimu zisizo za Serikali. Adhabu za marekebisho hayo ziliondolewa Juni 2019. Kama utaratibu wa utafiti ulikuwa mbovu mwaka 2018, ulikuwa mbovu pia 2015 tulipoushangilia. Na tulipata faida gani? Mkulima ambaye hakuwa na habari ya utafiti ule aliipata kwa sababu ya kelele zetu, na swali la kwa nini wameshuka kutoka 96 hadi 55 halikujadiliwa katika vikao vilivyopaswa kulijadili.

Kuna ndugu watauliza, mbona mimi wa Kigwa sikuulizwa? Wakulima wa tumbaku wa Uyui wanaweza kumjibu vizuri kuliko profesa. Mteuzi akija sokoni hasomi kila jani. Huchomoa majani robotani, akayatazama, akataja daraja. Mkulima asiyeridhika anayo haki ya kubisha, na ubishi wa maana ni kusema lifunguliwe robota, yachomolewe majani ya juu, ya kati na ya chini, tuone mbele ya wote. Tukiambiwa asilimia mbaya tuulize hivyo hivyo: Waliulizwa nani, lini, kwa njia gani, kwa swali la maneno yapi, na nani alilipia? Tukikuta dosari tuitaje hadharani kwa ushahidi. Tukikosa, tusipande jukwaani. Mkulima anayempiga mteuzi hapandishwi daraja, na tumbaku iliyolowa inabaki imelowa.

Tena Chama kina chombo ambacho hakuna taasisi ya utafiti iliyo nacho. Mabalozi wa nyumba kumi, waliowekwa na TANU katika miaka ya 1960, walikuwa masikio kabla ya kuwa midomo. Balozi akijua kwamba taarifa mbaya itamletea lawama kutoka kata au wilaya, ataandika kwamba hali ni shwari, na taarifa hiyo itapanda ngazi kwa ngazi ikizidi kuwa tamu hadi Taifa. Kabla ya kuitaka Twaweza ieleze sampuli yake, halmashauri ya tawi ichukue taarifa za mabalozi za miezi sita iliyopita, ihesabu ni ngapi zina neno ambalo kiongozi wa juu asingependa kulisikia.