Leseni na Kando ya Njia

Mtu wa Mlola ashukapo mjini kuuza kabichi au maharage, jambo la kwanza alitafutalo si mnunuzi, ni mahali pa kutandika gunia lake. Mara nyingi mwenye duka amekwisha kumtangulia: ndoo, vitenge na majembe yametolewa nje, hata waendao kwa miguu hushuka barabarani pamoja na magari. Twauliza, je, ni nani aliyewapa ruhusa? Swali hili ni la zamani, nasi twapenda kueleza habari zake.

Tangu kale nyumba za pwani zina baraza. Hapo ndipo watu hukaa kuzungumza, hapo ndipo mwenye duka hupanga vitu vyake na fundi huweka cherehani yake. Na desturi hiyo ilipanda milimani pamoja na maduka. Baraza haina ugomvi, maana imejengwa juu ya kiwanja cha mwenyewe. Ugomvi huanza hatua moja mbele, penye ardhi ya watu wote.

Mwaka 1923 Serikali ya Waingereza katika Tanganyika ilitoa sheria tatu: ya leseni za biashara, ya wachuuzi, na ya kodi ya faida. Wenye maduka wa Kihindi walichukizwa nazo, na hasa hiyo ya tatu, kwa kuwa hesabu zilizoandikwa kwa Kigujarati hazikukubaliwa. Basi wakafunga maduka yao siku 54. (Wazee wetu waliohitaji chumvi na mafuta ya taa siku zile hawakuulizwa neno.) Kodi ile ya faida ilikuja kufutwa, walakini desturi ya leseni ilikaa. Mwenye duka alipewa yake kwa ajili ya duka, mchuuzi alipewa yake kwa ajili ya kutembea. Na kile kipande cha njia kilicho katikati yao kikabaki bila mwenyewe.

Miaka mingi ikapita. Mwaka 1983, nchi ilipokuwa katika dhiki kubwa ya bidhaa, ilitungwa Sheria ya Nguvukazi, ya kwamba kila mtu mwenye nguvu awe na kazi. Waliokutwa mjini bila kazi itambulikanayo walikamatwa na kurudishwa vijijini. Hata hivyo sheria hiyo ndiyo iliyozaa leseni ndogo, iliyoitwa leseni ya nguvukazi. Mwuza karanga aliyekuwa nayo mfukoni alikuwa na neno la kujibu alipoulizwa na askari.

Hata mwaka 2003 leseni ile ikaondolewa, kwa nia ya kumpunguzia maskini mzigo. Wengi walishangilia, nasi hatuwalaumu. Ni nani asiyefurahi kusamehewa ada? Walakini pamoja na ada lilikwenda lile jibu. Ilipofika mwaka 2006 wachuuzi wakafukuzwa kandokando ya njia katika miji mingi, na vibanda vikavunjwa, nao hawakuwa na karatasi ya kuonyesha. Jambo hili twaliona kuwa kubwa kuliko yote katika habari hii, ingawa husemwa kidogo.

Desemba 2018 Rais John Magufuli alitoa vitambulisho vya wafanyabiashara wadogo, kila kimoja kwa shilingi 20,000, kwa wale ambao mauzo yao hayafiki shilingi milioni 4 kwa mwaka, akaagiza wasisumbuliwe. Machinga wakaelewa kwamba wamepewa na mahali pia, wakajaa mbele ya maduka. Ndipo ukatokea ujanja: baadhi ya wenye maduka, wakiona kwamba aliye nje hatozwi kodi kama wao, walitoa bidhaa zao wenyewe na kuwapa vijana wazitandaze mlangoni. Hivyo mtu akalalamika mchana juu ya machinga, na jioni akapokea fedha kwao.

Oktoba 2021, katika utawala wa Rais Samia Suluhu Hassan, vibanda viliondolewa katika njia za Dar es Salaam, na machinga wakaonyeshwa masoko mengine. Wengi walinung'unika kwamba huko hakuna wapitao. Miongoni mwao wamo vijana wa milima hii; na wengine walirudi nyumbani na mizigo yao, wakaitandaza sokoni kwetu siku ya gulio, kando ya mama zetu wauzao maharage.