Mwaka wa lugha si mwaka wa kupotea



Katika kikao chetu cha mwisho hapa Kamatanda, mama mmoja mwanachama alisimama akauliza: "Huyu kijana munamulipia, mwaka muzima anasoma tu maneno? Mashini atagusa siku gani?" Watu walicheka, lakini swali lilikuwa la haki. Makuta ya mfuko ni jasho la kila mmoja wetu, na watoto wanaongoja ni wengi. Tuliahidi kumjibu, na jibu letu ni hili.

Kijana mwenyewe alikulia Zambia, wazazi wake walikokuwa wamekimbilia. Masomo yake yote yalikuwa kwa Kiingereza. Anataka kuwa injenia wa migodi, na ku Likasi hilo halishangazi. Hata mji wetu ulibeba jina la injenia, Mbelgiji Jean Jadot, mpaka Jadotville ilipoitwa Likasi mwaka 1966. Lakini hapa chuo kinafundisha kwa Kifaransa. "Hesabu niko najua," alituambia, "lakini swali inanikimbia." Ndiyo maana tulimlipia mwaka mmoja wa Kifaransa na historia ya nchi ambayo ni yake, ingawa hakulelewa ndani yake. Wengine husafiri ng'ambo kuwa wageni. Yeye amekuwa mgeni kwao.

Jambo hili lina historia. Tulipopata uhuru mwaka 1960, Wacongomani waliomaliza chuo kikuu hawakufikia 30. Nchi nyingi za Afrika zilikuwa zinatafuta mainjenia na madaktari. Mwaka huohuo Umoja wa Kisovieti ulifungua chuo kikuu Moscow kwa ajili ya vijana wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Februari 1961, baada ya dunia kusikia kwamba Patrice Lumumba ameuawa huku kwetu Katanga, chuo kile kikapewa jina lake. Sasa tazameni namna walivyofanya: kijana aliyefika kusomea mashine hakuanza na mashine. Alipita kwanza katika matayarisho, na kazi kubwa ya mwaka ule ilikuwa kujifunza Kirusi.

Ujerumani ya Mashariki nayo ilifanya vivyo hivyo. Wageni walipelekwa kwanza Leipzig, kwenye taasisi iliyopewa jina la Herder, mwandishi na mwanafalsafa. Mmoja wao alikuwa Raila Odinga wa Kenya, aliyekwenda Ujerumani mwaka 1962. Alianza na lugha hapo Leipzig, ndipo akaenda Magdeburg kusomea uinjenia, akarudi kwao mwaka 1970 na kufundisha Chuo Kikuu cha Nairobi. Hatusemi kwamba Kijerumani ndicho kilichomfanya waziri mkuu baadaye. Tunasema kwamba bila mlango ule asingeingia katika nyumba ya mashine.

Kuna mambo mawili ya kuchukua hapo. La kwanza, hawakufundisha lugha ya salamu na soko peke yake. Mwanafunzi wa ufundi alifundishwa pia maneno ya hesabu na fizikia, ili siku ya somo la kwanza asikae kama bubu. La pili ni chungu. Katika nchi kadhaa za Afrika, waliorudi kutoka Mashariki walitazamwa kwa mashaka, na diploma zao zikadharauliwa. Kurudi peke yake hakutoshi. Lazima awepo mtu wa kukupokea. Sisi wenye kurudi tunalijua hilo kuliko vitabu.

Wala tusidharau maneno. Jadotville, mji wa shaba na wa injenia, ndiyo iliyomzaa mwaka 1941 V. Y. Mudimbe, mwandishi na mwanafalsafa aliyefariki mwaka 2025. Alisoma Lovanium na Louvain, akafundisha Lubumbashi, na kitabu chake cha mwaka 1988 juu ya namna Afrika ilivyoelezwa na wengine kinasomwa katika vyuo vikuu vingi duniani. Ardhi yetu haitoi madini tu.

Hata hivyo mama yetu hakukosea. Mwaka wa lugha wa kijana mmoja unamfanya mtoto mwingine angoje, nasi tunaotembelea familia ndio tunaokwenda kumwambia mzazi wake. Kwa hiyo pendekezo letu ni hili: mfuko uendelee kulipia mwaka huo, lakini asubuhi iwe Kifaransa na mchana iwe atelie, na maneno ya kazi yafundishwe tangu wiki ya kwanza. Hapo kijana atagusa mashini, na atajua jina la kila anachokigusa.

Kikao kijacho tutapiga kura. Mama, tafadhali usikose.