Mafunzo ya Mitindo ya Mavazi Marekani: Historia na Istilahi Zake

Miongoni mwa hati ambazo wafasiri wetu huletewa ni vyeti vya masomo vilivyotolewa ng'ambo. Vingi havina taabu kubwa, kwani uhandisi ni uhandisi na uganga ni uganga. Lakini hati isemayo kwamba mwenye nayo amehitimu "fashion design and merchandising" katika "community college" ya Marekani huweza kumhangaisha hata mfasiri mzoefu. Akiandika "ushonaji na uuzaji wa nguo, chuo cha jamii", ataweza kulitetea kila neno kwa kamusi, na hata hivyo jumla yake itakuwa si kweli. Afisa wa ajira atakayeisoma tafsiri hiyo atamweka mwenye hati daraja moja na mtu aliyejifunza cherehani kwa miezi michache, na mshahara utafuata daraja. Nakusudia kuonyesha katika makala haya kwamba istilahi hizi haziwezi kufasiriwa sawasawa bila ya kujua zilikotoka.

Tuanze na chuo chenyewe. Mwaka 1901, katika mji wa Joliet, jimbo la Illinois, shule ya sekondari iliongezewa masomo ya miaka miwili ya chuo kikuu. Aliyeichochea fikra hiyo alikuwa William Rainey Harper, rais wa Chuo Kikuu cha Chicago. Chuo cha namna hiyo kiliitwa "junior college", yaani mdogo wa chuo kikuu: mwanafunzi asome miaka miwili karibu na kwao, kisha akitaka ahamie chuo kikuu. Jina hilo lilidumu mpaka baada ya Vita Kuu ya Pili. Sheria ya mwaka 1944 iliwapa askari waliorudi vitani fedha za kusomea, na mwaka 1947 tume iliyoundwa na Rais Truman ilipendekeza vyuo hivyo vienezwe nchini kote, visitoze karo, vifundishe na kazi pia, na viitwe "community colleges". Hapo neno "community" lina maana ya watu wa mji au wilaya ambao chuo ni chao na ambao hukigharimia kwa kodi zao. Halihusu ustawi wa jamii hata kidogo.

Ndiyo maana "chuo cha jamii" hakifai kwetu Tanzania. Vyuo vya maendeleo ya jamii tunavyo, na kazi yake ni kuwafundisha watumishi wa maendeleo vijijini na mijini. Tunavyo pia vyuo vya maendeleo ya wananchi, vilivyoanzishwa mwaka 1975 kwa kufuata mfano wa Sweden, ambavyo havikukusudiwa kuwa ngazi ya kupandia chuo kikuu. Msomaji wa Kiswahili akikuta "jamii" ataukimbilia mojawapo wa milango hiyo miwili, na yote si yenyewe. Mimi napendekeza "chuo cha umma cha miaka miwili". Ni refu, lakini linasema kweli.

Sasa tuingie New York, maana huko ndiko mafunzo ya mitindo yalikopata sura inayotutatiza. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, nguo za Marekani zilishonwa kwa wingi na wahamiaji, hasa Wayahudi kutoka Ulaya ya Mashariki na Waitaliano. Wengi walikuja na ufundi wao mikononi. Wengine waliupata humo humo karakhanani. Hali ya kazi ilikuwa mbaya. Chama cha wafanyakazi wa nguo za kike kiliundwa mwaka 1900, na tarehe 25 Machi, 1911 moto uliwaua watu 146 katika kiwanda cha Triangle, wengi wao wasichana. Kisha sheria ya mwaka 1924 iliupunguza sana uhamiaji kutoka nchi hizo, na watoto wa mafundi wa zamani hawakutaka kurithi sindano za wazazi wao. Mwaka 1940 Paris ilipotekwa na Wajerumani, viwanda vya New York vilikatiwa hata mitindo iliyokuwa ikinakiliwa kutoka huko. Viwanda vilikuwepo, wanunuzi walikuwepo, ila mtu wa kubuni na mtu wa kuendesha ndio waliopungua.

Waliolitafutia jambo hilo dawa walikuwa Mortimer Ritter, mwalimu aliyejua ushonaji na aliyeiongoza shule ya sekondari ya ufundi wa sindano mjini humo, pamoja na Max Meyer, mwenye viwanda aliyekwisha staafu. Mwaka 1944 walifungua Fashion Institute of Technology kwa wanafunzi 100, katika ghorofa za juu za jengo la shule ile ile ya sekondari. Masomo yalikuwa mawili tu: ubunifu wa mavazi, na uendeshaji wa viwanda vya mavazi kwa njia za kisayansi. Mfasiri na aitazame ramani ya jengo hilo. Kushona kulifundishwa chini, kwa vijana wa sekondari; kilichofundishwa juu kilikuwa kitu kingine. Anayeandika "ushonaji" humshusha mhitimu ngazi kadhaa.

Mwaka 1951 taasisi hiyo iliingizwa katika mfumo wa Chuo Kikuu cha Jimbo la New York ikiwa mojawapo ya vyuo vya umma vya miaka miwili. Calvin Klein, ambaye jina lake husomeka leo kwenye nguo hata za mitumba yetu, alisoma hapo. Tangu mwaka 1975 sheria imeiruhusu itoe shahada ya kwanza, na mwaka 1979 ikaongezewa shahada ya pili. Los Angeles nako kulikuwa na shule ya ufundi tangu mwaka 1925, ambayo baadaye iligeuka kuwa chuo cha aina hiyo hiyo.

Kuhusu "fashion design" sina maneno mengi. Mwanafunzi hujifunza kuchora, kujua nyuzi na vitambaa, kupanga kitambaa juu ya sanamu ya mwili mpaka kikae, kukata kiolezo cha karatasi, na kukikuza au kukipunguza kiolezo hicho kwa saizi mbalimbali. "Usanifu" ungefaa, lakini wenye majengo wamekwisha uchukua. "Ubunifu wa mitindo" umekubalika magazetini na vinywani, nasi hatuna sababu ya kushindana nao.

Taabu iko kwenye "merchandising". Wengi huandika "uuzaji", na hilo ni kosa, kwa sababu mtu huyu anaweza kumaliza mwaka asimuuzie mteja hata leso. Kazi yake huja kabla ya kuuza. Katika maduka makubwa ya Marekani, yeye ndiye aamuaye, miezi kadhaa kabla ya majira kufika, duka litaweka gauni gani, za rangi gani, saizi gani, ngapi, na kwa bei gani. Akikisia vibaya, nguo hubaki rafuni na bei hukatwa. Kwa hiyo hujifunza hesabu ya nyongeza na punguzo la bei, mzunguko wa mali dukani, na kiasi cha fedha kilichobaki cha kuagizia. Tayari mwaka 1928 Paul Nystrom, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia, alikwisha toa kitabu kizima juu ya uchumi wa mitindo. Lilikuwa somo la watu wenye penseli na daftari.

Kazi hii si ngeni katika pwani yetu, ila haikuwa na jina. Wafanyabiashara wa kanga wa Mombasa na Unguja waliifanya tangu karne ya 19. Duka la Kaderdina Hajee Essak, ambalo kanga zake zina alama ya "Mali ya Abdulla", lilianza Mombasa mwaka 1887. Wafanyabiashara wa aina hiyo walipaswa kujua ni pambo gani na msemo gani wanawake wataupenda, kisha waagize kanga zipigwe chapa ng'ambo, zije kwa meli baada ya miezi. Aliyechagua vibaya alikaa na marobota.

Tumwiteje basi? "Mnunuzi" haliwezekani, kwani kwetu hilo ni jina la mteja pia. "Mchuuzi" huuza rejareja, tena mara nyingi kichwani au begani. "Mlanguzi" lingekaribia kidogo, lakini tangu msako wa wahujumu uchumi wa mwaka 1983 neno hilo limekuwa mashtaka, wala hakuna atakayelitaka kwenye cheti chake. Napendekeza "mteuzi wa bidhaa", na kazi yake "uteuzi wa bidhaa", kwa kuwa kuteua ni kuchagua kwa kupima.

Limebaki jina la tuzo. Baada ya miaka miwili vyuo hivi hutoa tuzo yenye neno la Kiingereza la shahada ndani yake, lakini ni chini ya shahada ya kwanza. "Cheti" humpunja mhitimu, "shahada" humpandisha isivyo haki. "Stashahada ya miaka miwili" ndiyo iliyo karibu zaidi, na mfasiri aambatishe orodha ya masomo, kwa sababu chuo kikuu kitakachompokea huenda kikayahesabu mengi yake.