Mshono wa Sura ya 16: Historia ya Utunzi na Usimulizi katika Kisiwa chenye Hazina

Riwaya ya Robert Louis Stevenson, Treasure Island, imekuwa ikisomeka kwa Kiswahili tangu 1929, ilipochapishwa kwa jina la Kisiwa chenye Hazina. Aghalabu huchukuliwa kuwa hadithi nyepesi ya vijana ambayo muhtasari wa visa vyake watosha kuieleza. Makala haya yanashikilia kwamba muhtasari huficha jambo linalofichuliwa na usomaji wa sura baada ya sura: historia ya utunzi wa riwaya hii imeacha alama katika umbo lake.

Utunzi ulianza mwaka 1881 huko Braemar, Uskoti. Stevenson alishiriki na Lloyd Osbourne, mtoto wa mkewe, katika mchezo wa kuchora. Ramani ya kisiwa ikazaliwa, na hadithi ikachipuka kutokana na ramani hiyo. Kwa mujibu wa kumbukumbu zake zilizochapishwa 1894, aliandika sura 15 kwa siku 15. Alipoingia aya za mwanzo za sura ya 16, kalamu ikakwama. Gazeti la Young Folks lilianza kuichapisha hadithi hiyo kwa mfululizo Oktoba 1881, nalo likaikamilisha Januari 1882. Sehemu iliyobaki ilimalizwa Davos, Uswisi, tena kwa mwendo wa sura moja kwa siku. Kitabu kilitoka 1883 kikiwa na sura 34.

Sura 15 za kwanza zinasimuliwa na kijana Jim Hawkins, na taharuki yake hutokana na ufinyu wa mtazamo huo. Katika sura ya 8, Long John Silver anaingia akiwa mcheshi na mwungwana. Jim anavutiwa naye, na msomaji pia. Katika sura ya 11, Jim akiwa amejificha ndani ya pipa la matofaa, anamsikia Silver akimrairai baharia mwingine kijana kwa maneno yale yale aliyomrairai yeye. Kinachomchoma Jim kwanza si hatari ya uasi, bali aibu ya kudanganyika.

Sura ya 16 inambadilisha msimulizi. Kwa sura tatu, Daktari Livesey ndiye anayesimulia. Haja ya kimsuko ni dhahiri: Jim yuko nchi kavu, wala hawezi kushuhudia jinsi wenzake wanavyoihama meli. Wakati unarudishwa nyuma hadi saa saba na nusu mchana, na lugha nayo inabadilika. Daktari huhesabu watu, baruti na chakula. Kwake maharamia ni maadui tu. Jim anarejea katika sura ya 19.

Haiwezi kuthibitishwa kwamba kukwama kwa mwandishi ndiko kulikozaa mbadiliko huu, na mhakiki aweza kuuona mshono huo kuwa dosari. Lakini tija yake ni kubwa. Livesey anampa msomaji kipimo cha kumpimia Jim. Jim anapoangukia kambi ya maadui katika sura ya 28, Silver anamkinga dhidi ya wenzake. Katika sura ya 34, Silver anatoroka na mfuko wa fedha bila kuadhibiwa, naye Jim hamlaani. Kama sauti ya daktari isingesikika, huruma hii ingedhaniwa kuwa msimamo wa riwaya nzima. Baada ya kusikika, huruma hiyo inabaki kuwa ya Jim peke yake, na hukumu anaachiwa msomaji.

Hapa ndipo miongozo ya darasani inapopotosha. Inapoeleza kwamba waaminifu walihamia bomani, inataja tukio na kumfuta anayelisimulia. Mwanafunzi anayejifunza hivyo hupata kisa lakini hukosa riwaya, kwani katika kazi hii swali la nani anasema ndilo linaloamua nani aaminiwe.