Kikuku (pambo la mguuni)

Kikuku (wingi: vikuku) ni pambo la duara linalovaliwa kwenye kifundo cha mguu, hasa na wanawake. Hutengenezwa kwa fedha, dhahabu, shaba, shanga, ngozi au uzi. Katika Afrika Mashariki ni pambo la zamani, lakini siku hizi ni pia mada ya mabishano, kwa sababu watu wengi hulihusisha na mvuto wa kimapenzi wa miguu. Nchini Tanzania mwanamke anaweza kuhukumiwa tabia yake kwa kuangaliwa kifundo cha mguu tu.

Jina

Neno kikuku hutumika kwa pambo la duara la mkononi au mguuni, ingawa katika matumizi ya kila siku ya Tanzania humaanisha zaidi lile la mguuni. Kiswahili kina majina mengine pia. Mtali (wingi: mitali) ni pambo la kifundo cha mguu, na furungu (wingi: mafurungu) ni pambo la aina hiyo lililo zito, la fedha. Njuga ni kengele ndogo zinazofungwa miguuni na wachezaji wa ngoma ili zilie kwa kufuata mdundo.

Katika Kiswahili mguu ni kiungo chote kuanzia pajani hadi vidoleni. Kwa hiyo sifa ya "miguu mizuri" inaweza kuhusu unyayo, kifundo au umbo la shavu la mguu. Msemo wa mitaani "mguu wa bia", kwa mfano, husifu mguu ulionenepa juu na kupungua chini mithili ya chupa, wala hauhusu unyayo.

Historia

Mapambo ya kifundo cha mguu yalivaliwa tangu kale huko Misri, Mashariki ya Kati na Bara Hindi. Kwenye mwambao wa Afrika Mashariki mapambo ya fedha yalikuwa sehemu ya mavazi ya wanawake wenye uwezo, na yalifanana na yale ya Omani na Uhindi, nchi zilizofanya biashara na mwambao huo kwa karne nyingi.

Bara, mapambo ya mikono na miguu yalitengenezwa pia kwa waya wa shaba. Katika karne ya 19 waya huo ulikuwa mojawapo ya bidhaa kuu za misafara, pamoja na shanga na vitambaa. Njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo ilipita Tabora na kuishia Ujiji, kwenye Ziwa Tanganyika, mahali ambapo Richard Burton na John Speke walifika mwaka 1858. Kupitia njia hiyo, desturi za urembo za mwambao zilifika ziwani na kukutana na zile za Waha na majirani zao. Mwandiga, iliyo karibu na mji wa Kigoma kwenye barabara ya kuelekea Kasulu na Manyovu, ni sehemu ya eneo hilo la makutano.

Miguu ilionyesha pia hadhi ya mtu. Huko Zanzibar watumwa walitakiwa kutembea bila viatu. Baada ya utumwa kufutwa kisheria visiwani mwaka 1897, wengi waliokuwa watumwa walibadilisha mavazi yao ili waonekane watu huru.

Mguu katika urembo wa Waswahili

Vazi la heshima la mwanamke wa mwambao, kama buibui, hufunika sehemu kubwa ya mwili lakini mara nyingi huacha uso, viganja na miguu. Sehemu hizo zinazoonekana ndizo zilizopata urembo mwingi. Bibi harusi hupakwa hina mikononi na miguuni, na mara nyingi michoro huongezewa piko, rangi nyeusi. Kabla ya hapo miguu husuguliwa ili kuondoa magaga, yaani nyufa za kisigino. Mafunzo ya wasichana na maharusi, yanayotolewa na kungwi au somo, hugusa pia usafi na utunzaji wa mwili. Kwa hiyo wazo kwamba mguu uliotunzwa humvutia mume si geni wala halikuletwa na intaneti. Jipya ni kulisema hadharani.

Katika miji ya Tanzania kuna pia vijana wa kiume wanaozunguka mitaani na vikapu vya rangi za kucha, wakiosha na kusugua miguu ya wateja wao wanawake. Kwa vijana hao ni ajira. Hata hivyo, kazi yao hulalamikiwa na baadhi ya waume na viongozi wa dini, ambao huona kwamba kumshika mguu mke wa mtu ni jambo la faragha.

Mtazamo wa dini

Maandiko ya dini yanatambua mvuto wa mguu uliopambwa. Katika Kurani, sura ya An-Nur aya ya 31 inawaelekeza wanawake waumini wasipige miguu yao chini ili mapambo waliyoyaficha yajulikane. Wanazuoni wengi huelewa kwamba kinachokatazwa hapo ni kuonyesha pambo au kulipigisha kelele mbele ya wanaume wasio maharimu, si kulivaa nyumbani. Katika Biblia, Isaya 3:16-18 inawakemea mabinti wa Sayuni wanaoliza njuga za miguuni, ilhali Wimbo Ulio Bora 7:1 unasifu miguu ya mpendwa ikiwa ndani ya viatu.

Maana ya kikuku mitaani

Katika miji mingi ya Tanzania imeenea imani kwamba kikuku ni ishara ya siri. Wapo wanaodai kwamba anayekivaa anauza mwili, wengine kwamba anatafuta mwanamume, na wengine kwamba anakubali ngono ya kinyume na maumbile. Wasimulizi hutofautiana pia kuhusu mguu upi, wa kulia au wa kushoto, una maana gani. Kutofautiana huko kunaonyesha kwamba hakuna lugha ya vikuku inayokubaliwa na wote. Wavaaji wengi hukivaa kama urembo, zawadi ya mpenzi au desturi ya familia.

Imani hiyo ina madhara. Mwanamke anaweza kutukanwa barabarani, kushikwa bila idhini yake au kukataliwa na wakwe kwa sababu ya pambo. Kisheria, pambo si ridhaa. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, inayojulikana kwa kifupi kama SOSPA, ilirekebisha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania. Ubakaji unaangaliwa kwa kigezo cha ridhaa, na udhalilishaji wa kijinsia ni kosa.

Mvuto wa miguu katika sayansi

Mvuto wa kimapenzi unaoelekezwa kwenye sehemu ya mwili au kitu kisicho cha uzazi ulipewa jina la fetishi na mwanasaikolojia Mfaransa Alfred Binet mwaka 1887. Asili ya neno hilo ni feitiço la Kireno, ambalo wafanyabiashara walilitumia Afrika Magharibi kwa vitu kama hirizi. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Bologna, Italia, uliochapishwa mwaka 2007, uliangalia vikundi vya mijadala mtandaoni. Ulikuta kwamba kati ya walioonyesha mvuto kwa sehemu mahususi za mwili, asilimia 47 walipendelea miguu na vidole vyake.

Sababu haijathibitishwa. Mtaalamu wa neva V. S. Ramachandran alipendekeza kwamba chanzo ni ujirani wa eneo la ubongo linalopokea hisia za mguu na lile la viungo vya uzazi. Wengine husisitiza mazoea na malezi.

Zamani mvuto huo ulihesabiwa kuwa ugonjwa. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa mwaka 2013 huuita tatizo pale tu unapomletea mhusika dhiki kubwa au kuvuruga maisha yake. Shirika la Afya Duniani liliondoa fetishi kwenye orodha yake mpya ya magonjwa, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022.

Katika utamaduni maarufu

Katika filamu ya Kimarekani Double Indemnity (1944), kikuku cha mhusika aliyeigizwa na Barbara Stanwyck ndicho kinachomnasa mwanamume anayemtembelea. Quentin Tarantino anajulikana kwa kuonyesha miguu ya waigizaji, na katika Pulp Fiction (1994) wahusika wanabishana iwapo kumkanda miguu mke wa mtu ni jambo la mapenzi. Mabishano hayo yanafanana na yale ya Tanzania kuhusu vijana wa rangi za kucha. Tovuti ya wikiFeet, iliyoanzishwa mwaka 2008, hukusanya picha za miguu ya watu maarufu, mara nyingi bila wao kuombwa idhini. Kwa njia hiyo mvuto wa miguu umekuwa jambo la mzaha na mazungumzo ya kawaida, lakini suala la ridhaa ya mwenye miguu limebaki.